Deki ya zamani ya CD inasoma lakini sauti ina kasoro: tafuta kati ya DAC na tundu la RCA

Mzee mmoja aliniletea deki ya CD ya katikati ya miaka ya 1980, kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. "Fundi," akaniambia, "inasoma vizuri, dakika zinahesabu, lakini upande wa kushoto muziki unasikika kama redio ya jirani." Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine aliyembadilishia opampu (chipu ndogo za kukuza sauti), na sasa alikuwa akitafutiwa chipu ya DAC, ile inayogeuza namba za CD kuwa sauti, kutoka nje kwa bei ya kutisha. Nikaifungua, na kabla hata ya kuichomeka kwenye umeme nikapima omu kati ya kila tundu la RCA (matundu ya kutolea sauti nyuma ya deki) na ethi. Kulia multimita ikasoma zaidi ya omu 40,000. Kushoto ikasoma 180. Transista ndogo ya kunyamazisha sauti ilikuwa inavuja. Nikainyanyua mguu mmoja, nikawasha deki, kushoto kukarudi. Kifaa chenyewe bei yake haifiki soda.

Deki ninazozungumzia hapa ni za kuanzia 1982, pale Sony CDP-101 ilipoanza kuuzwa Japani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na nachukulia kwamba CD inazunguka, nyimbo zinachagulika na kioo kinahesabu dakika bila kuruka. Hayo yakiwepo, leza, mota na chipu za kusoma ni nzima, na kosa lipo kwenye kipande cha bodi kisichozidi kiganja cha mkono. Ikiwa namba kwenye kioo zinakwama pamoja na sauti, ugonjwa wako ni mwingine na makala haya hayatakusaidia.

Njia ya sauti ilivyo

Nachukua mfano wa deki zenye chipu ya TDA1541 ya Philips, iliyotoka 1985, kwa kuwa iliingia kwenye deki za Philips, Marantz na makampuni mengine mengi, na ndizo bado zinaletwa kwa fundi. DAC hii haitoi volti, inatoa mkondo: upande mmoja wa sauti hufika karibu miliampia 4 sauti ikiwa kubwa kabisa. Mkondo huo unaingia kwenye opampu ya kwanza, ambayo kazi yake ni kuugeuza kuwa volti kupitia rezista moja, mara nyingi ya omu 1,500 au karibu na hapo. Piga hesabu: miliampia 4 mara omu 1,500 ni volti 6 kutoka kilele cha juu hadi cha chini, sawa na volti 2 na ushee za AC kwenye multimita. Ndiyo zile volti 2 zinazotajwa kwenye vipimo vya deki.

Baada ya hapo kuna opampu ya pili inayochuja masafa ya juu yasiyo ya muziki, kisha swichi ya kupunguza trebo kwa CD maalumu, kisha kapasita ya elektroliti inayozuia DC, kisha transista au relei (swichi inayovutwa na koili) ya kunyamazisha, ndipo tundu la RCA. Tawi la hedifoni huchepuka mahali fulani katikati, na hilo litatusaidia sana.

Deki za kwanza za Kijapani zisizo na ovasampuli, yaani zisizopandisha idadi ya sampuli, zina tofauti moja kubwa. Sampuli 44,100 kwa sekunde zinalazimisha kichujio chenye mteremko mkali, kwa sababu muziki unaishia hezi 20,000 na takataka zinaanza juu kidogo tu ya hezi 22,000. Ndiyo maana ukifungua deki hizo unakuta viboksi vilivyozibwa kabisa, kila kimoja kikiwa na koili na kapasita tele ndani. Philips walipandisha sampuli mara nne hadi 176,400 kwanza, kisha wakatosheka na kichujio chepesi cha opampu moja. Fundi akikosa kulijua hili, atatafuta viboksi hivyo kwenye deki ya Philips mpaka jua lizame.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu

Angalia kibandiko cha volti nyuma ya deki. Deki zilizotumika zinazoshuka kwenye makontena kutoka Japani ni za volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya, umeshamaliza kazi kabla ya kuianza. Usiichungulie leza deki ikiwa wazi na inazunguka; mwanga wake wa nanomita 780 macho hayauoni, ila unayaumiza.

Kisha andaa CD ya majaribio. Kwa kompyuta unaweza kutengeneza yako: wimbo mmoja wa hezi 1,000 kwa kiwango cha juu, mmoja huohuo ukiwa chini kwa desibeli 60, na mmoja wa kimya kitupu wa dakika tano. Tumia CD-R ya kawaida. CD-RW inaakisi mwanga kidogo mno, na deki nyingi za umri huu zitaikataa.

Multimita ya kidijitali inatosha kwa robo tatu ya kazi. Kipimo kingine ninachokiamini kuliko osiloskopu yangu ni waya wa kunusa: kapasita ya mikrofaradi 1 isiyo ya elektroliti, mguu mmoja umelehemewa kwenye waya unaoingia amplifaya ya bei poa, mguu wa pili ni ncha ya kugusia. Unaanza kwenye DAC unaelekea nyuma ya deki, hatua kwa hatua, ukisikiliza wapi sauti inaharibika. Punguza volyumu kila unapohamisha ncha, la sivyo spika italia kilio chake cha mwisho.

Jambo la kwanza kabisa, chomeka hedifoni. Kama sauti ni safi huko na mbovu nyuma, kosa liko baada ya tawi la hedifoni, na umeokoa nusu siku. Kama deki ina tundu la kidijitali na una DAC ya nje, jaribu hilo pia.

Kimya pande zote mbili, dakika zinahesabu

Pande zote mbili kufa kwa pamoja maana yake ni kitu kinachotumiwa na zote mbili, na vitu hivyo ni vichache: umeme na amri ya kunyamaza.

Anza na umeme. Opampu kwa kawaida zinakula chanya na hasi kati ya volti 12 na 15. Kwa opampu ya miguu minane yenye opampu mbili ndani, kama NE5532, mguu wa 8 ni chanya na wa 4 ni hasi. Kwenye TDA1541 pima mguu wa 28 upate +5, wa 26 upate -5 na wa 15 upate -15, waya mweusi ukiwa mguu wa 14 au wa 5. Umeme mmoja ukikosekana, rudi nyuma hadi kwenye regyuleta, na usisahau zile rezista ndogo zinazofanya kazi ya fyuzi. Zinakatika bila kuungua wala kubadilika rangi. Ukizitazama utaapa ni nzima.

Umeme ukiwa sawa, nenda kwenye amri ya kunyamaza. Kama ni relei, sikiliza: unapobonyeza PLAY inapaswa kugonga "tik". Isipogonga, pima kama koili yake inapata volti. Ikigonga na bado kimya, kiguso cha ndani kinachofunga na kufungua njia kimeota kutu. Huku pwani hilo ni la kila wiki. Dalili yake ya mwanzo ni sauti inayopotea kwenye vipande vya taratibu na kurudi ngoma zikipiga, kwa sababu mawimbi ya deki ni madogo mno kuweza kuutoboa utando wa kutu. Relei yenye kifuniko kinachofunguka safisha kwa kipande cha karatasi ngumu iliyochovywa spiriti, ukipitisha taratibu. Msasa hapana, unaondoa dhahabu au fedha iliyopakwa na baada ya mwezi utaletewa tena.

Kama ni transista, pima volti kwenye besi ya transista (mguu wake wa amri), muziki ukiwa unacheza. Ukikuta +0.6 au +0.7, deki inaamriwa kunyamaza, na transista hazina kosa. Fuata waya wa amri kurudi nyuma. Deki nyingi zina kijisaketi kinachonusa umeme wa AC wa transfoma kupitia dayodi moja na kapasita ndogo ya elektroliti, ili sauti ifungwe mara tu swichi inapozimwa. Kapasita hiyo ikikauka, deki inadhani umeme umekatika wakati wote.

Upande mmoja umekufa au umefifia

Hapa pana siri ya kujua deki yako ni ya ukoo gani. Kwenye CDP-101 na baadhi ya deki za kizazi chake, DAC ni moja tu inayohudumia pande zote mbili kwa zamu, ndiyo maana upande mmoja huchelewa kwa takribani mikrosekunde 11. Upande mmoja ukifa kwenye deki ya aina hiyo, DAC huna haja ya kuifikiria: ingekufa yenyewe, zote mbili zingenyamaza. Tafuta kwenye swichi inayogawa sampuli na kuendelea mbele. Kwenye deki za Philips za mwanzo zenye TDA1540 ya biti 14, chipu ni mbili, moja kwa kila upande, kwa hiyo DAC inaweza kuwa mshukiwa halali. TDA1541 ni chipu moja yenye nusu mbili, na nusu moja kufa peke yake nimeiona mara chache sana.

Hatua ya kwanza nimeshaitaja: omu kutoka kila tundu la RCA hadi ethi, deki imezimwa. Pande mbili zikitofautiana sana, nyanyua mguu wa transista ya kunyamazisha upande wenye omu ndogo. Ikirudi sauti, umemaliza upelelezi.

Usiweke transista yoyote tu badala yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu makosa ninayoyakuta ni mengi. Transista hii mguu mmoja (emita) upo kwenye ethi na mwingine (kolekta) kwenye njia ya sauti, na sauti inapanda hadi karibu +2.8 na kushuka hadi -2.8. Sauti inaposhuka chini ya sifuri, besi iliyoachwa kwenye volti 0 inaanza kupitisha umeme kuelekea kolekta, na nusu ya chini ya wimbi inakatwa. Wabunifu walilijua hilo, wakaivuta besi chini hadi volti kadhaa hasi wakati muziki unacheza. Sasa transista ya kawaida kama BC547 inavumilia volti 6 tu za kinyume kati ya emita na besi. Ile iliyoundwa kwa kazi hii, 2SC2878 ya Toshiba, inavumilia 25, na inapitisha umeme vizuri hata kinyumenyume. Weka BC547 mahali penye -10 na utakuwa na deki inayokwaruza, kisha utailaumu DAC.

Kinyume chake pia hutokea: transista ni sahihi, ila rezista inayoivuta besi kwenda hasi imekatika. Dalili yake huwezi kuisahau ukishaisikia. Nyimbo za taratibu ni safi, lakini tarumbeta zikiingia kwa nguvu, sauti inachanika. Pima besi wakati wa PLAY. Ukikuta sifuri badala ya hasi, umempata.

Transista zikiwa nzima, chukua waya wa kunusa. Gusa baada ya kapasita ya kutokea (ile inayozuia DC), kabla yake, kisha opampu ya pili, kisha ya kwanza. Tundu lenyewe la RCA nalo lisukume kwa kidole: lehemu zake hupasuka kwa miaka ya kuchomeka na kuchomoa nyaya ngumu.

Ukifika opampu ya kwanza, weka CD ya kimya na upime DC kwenye mguu wa kutokea wa kila upande. Wengi hupigwa na mshangao hapa: wanakuta volti 3 na kukimbilia kung'oa opampu. Kwenye bodi ambayo haikuwekewa rezista ya kusawazisha, volti hizo ni halali yake. DAC kwenye kimya inavuta nusu ya mkondo wake, miliampia 2, na miliampia 2 mara omu 1,500 ni volti 3. Linganisha pande mbili. Zikiwa sawa, DAC na opampu ya kwanza ni salama pande zote. Moja ikiwa 3 na nyingine 0 kwenye bodi ya namna hiyo, DAC haivuti mkondo upande huo, au njia imekatika kabla ya opampu. Moja ikiwa 3 na nyingine imepanda hadi karibu 11 au 14, angalia rezista ya omu 1,500; ikikatika, opampu inakosa breki na kukimbilia ukutani. Mguu wa 25 wa TDA1541 ni wa kushoto na wa 6 ni wa kulia; vyote viwili vinapaswa kukaa karibu kabisa na sifuri, ndani ya milivolti 25. Ukikuta nusu volti pale, opampu haishiki usukani.

Besi ya muziki imepotea

Kila mtu huilaumu kapasita ya kutokea, na mara nyingi ni kweli, lakini piga hesabu kwanza. Kapasita ya mikrofaradi 10 ikikutana na amplifaya ya omu 47,000 inaanza kukata chini ya hezi moja. Hata ikipoteza tisa kati ya hizo kumi, hutasikia kitu. Ili besi ipungue mpaka mteja alalamike, kapasita lazima ishuke hadi sehemu ya kumi ya mikrofaradi au chini zaidi, yaani imekufa au mguu wake umeachia. Kwa hiyo mtu akikuambia alibadilisha kapasita zote na "besi imefunguka", mpe pole kidogo na umuulize kama alipima kabla.

Mguu kuachia kuna sababu maarufu: gundi. Deki nyingi za Kijapani za wakati huo kapasita zake zimeshikizwa kwa gundi ya rangi ya maziwa au manjano. Ikizeeka kwa joto inageuka kahawia kama sukari guru, inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya shaba iliyo chini yake. Ikwangue yote, safisha kwa spiriti, kagua kila mguu uliokuwa umefunikwa.

Ukibadilisha kapasita ya kutokea, angalia zile volti 3 nilizozitaja. Chanya ya kapasita ielekee upande wenye volti kubwa, kwa kawaida kwenye opampu. Ikiwekwa kinyume itafanya kazi vizuri siku ya kwanza na ya pili, kisha itaanza kuvuja.

Trebo imefifia, au imezidi kwenye CD chache tu

Dalili hii wengi hawaijui, na ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Miaka ya mwanzo baadhi ya CD, hasa zilizotengenezwa Japani, zilirekodiwa trebo ikiwa imepandishwa, na alama ndani ya CD inaiambia deki iishushe. Kipimo chake ni mikrosekunde 50 na 15. Kwenye hezi 10,000 tofauti ni kama desibeli 7.6, na kwenye hezi 20,000 inafika desibeli 9.5.

Kwenye deki nyingi kazi hiyo inafanywa na transista ya kawaida, FET (aina nyingine ya transista) au relei inayounganisha rezista na kapasita kwenye hatua ya opampu. Swichi ikikwama imefungwa, kila CD inasikika kama imefunikwa blanketi. Ikikwama upande mmoja tu, matoazi yanahamia spika moja huku mwimbaji akibaki katikati, na mteja ataapa kwamba spika yake ya twita imekufa. Ikikwama wazi, CD za kawaida ni sawa, ila zile chache za zamani zinachoma masikio.

Kwenye deki za Philips zenye chipu ya SAA7210, fuata mstari wa DEEM, waya unaobeba amri hiyo ya kushusha trebo. Ukicheza CD ya kawaida hali yake inabaki moja. Ukicheza CD yenye alama inabadilika. Mstari ukibadilika na sauti isibadilike, kosa ni swichi yenyewe. Nyanyua mguu wa transista ya swichi upande mbovu, usikilize.

Mkwaruzo kwenye sauti ndogo

Mkwaruzo kwenye sauti kubwa tumeshauzungumzia: transista ya kunyamazisha, au umeme mmoja wa opampu umeshuka. Ule wa sauti ndogo una tabia yake. Piano inapofifia, mwishoni kabisa unasikika mchakacho kama mchanga kwenye bati. Tumia ule wimbo uliopunguzwa desibeli 60.

Kwenye deki zenye DAC ya PCM56 ya Burr-Brown, tafuta kitrima kidogo (rezista ya kuzungusha ili kurekebisha) kando ya kila chipu. Kinasawazisha biti kubwa kuliko zote, ambayo hugeuka kila wimbi linapovuka sifuri. Ikikosewa kidogo, sauti kubwa haionyeshi lakini ndogo inaharibika. Weka alama ya kalamu mahali kilipo kabla ya kukigusa, kisha zungusha kidogo kidogo ukisikiliza, au bora zaidi ukitazama kwenye kompyuta.

TDA1541 haina trima. Ina kapasita 14 za nanofaradi 100, saba kila upande, kwenye miguu ya 7 hadi 13 na 18 hadi 24, na kapasita ya pikofaradi 470 kati ya miguu ya 16 na 17 kwa ajili ya osileta ya ndani. Zenyewe haziharibiki kirahisi, ila lehemu zake zinapasuka, hasa bodi ikiwa imeshaguswa na mtu aliyetaka "kuboresha".

Mngurumo na miluzi

Cheza wimbo wa kimya, kisha bonyeza PAUSE. Deki nyingi zinanyamazisha njia ya sauti wakati wa PAUSE. Mngurumo ukitoweka, unatokea kabla ya transista za kunyamazisha, ndani ya saketi. Ukibaki vilevile, unatokea nyuma yake: waya wa RCA, tundu lililoachia ethi, au mzunguko wa ethi kati ya deki, amplifaya na televisheni.

Sikio lililozoea linatofautisha hezi 50 na 100. Za 50 zinatoka kwenye waya na ethi. Za 100 zinatoka kwenye kapasita kubwa za umeme zilizokauka baada ya dayodi. Weka multimita kwenye AC upime kila umeme baada ya regyuleta. Milivolti chache ni sawa, makumi ya milivolti si sawa. Miluzi inayobadilika kadiri kioo kinavyobadilisha namba ni ya saketi ya kioo kuvuja kwenye umeme wa sauti, na kapasita ya umeme huo ndiyo ya kubadilisha.

"Pu!" unapowasha, kuzima au kuruka wimbo

Pima DC kwenye tundu la RCA, bila waya. Zikizidi milivolti 50, kapasita ya kutokea inavuja, au ile rezista kubwa ya kuimwaga chaji hadi ethi imekatika. Zikiwa karibu na sifuri na mlio bado upo wakati wa kuzima tu, kile kijisaketi kinachonusa AC kinachelewa. Mara nyingi mtu alishaweka pale kapasita kubwa kuliko ya awali kwa imani kwamba kubwa ni bora. Pale ndogo ndiyo inayotakiwa, ili iishiwe chaji haraka kabla umeme wa opampu haujaanguka.

Inapotea ikipata moto

Chipu ya SAA7220 inayokaa jirani na TDA1541 ina joto la kukufanya uondoe kidole, na hiyo ni tabia yake ya kuzaliwa. Usiihukumu kwa hilo. Kagua lehemu za regyuleta na za miguu yake kwa lenzi, ukitafuta kijiduara cheusi kuzunguka mguu. Kwenye deki za Philips za mwanzo kama CD104, bodi za pande mbili ziliunganishwa kwa viribiti vidogo, na viribiti hivyo huachia kadiri bodi inavyopata moto na kupoa. Pitisha kipande cha waya ndani ya kila kimoja, ulehemu juu na chini. Kazi ya jioni nzima, lakini hairudii.

Opampu zilizobadilishwa

Nikipokea deki ambayo opampu zake ni mpya zinazong'aa, naanzia hapo. Opampu zenye kasi kubwa zikipandwa kwenye bodi iliyobuniwa kwa NE5532 au LM833 zinaweza kuanza kujitetemesha zenyewe kwenye masafa ambayo sikio halifiki. Unachosikia ni sauti yenye ukali usioeleweka. Unachohisi ni chipu ya moto. Hata NE5534 ina masharti: hatua isiyokuza inahitaji kapasita ya pikofaradi 22 kati ya mguu wa 5 na wa 8, na mtu akiing'oa kusafisha njia ya sauti, utulivu unaondoka nayo. Rudisha aina ya awali, kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme, ndipo uendelee kupima.

DAC yenyewe iwe ya mwisho. Umeme wake wote upo, miguu ya 6 na 25 iko kwenye sifuri, opampu ya kwanza imethibitishwa, na bado upande mmoja hauvuti mkondo: hapo ndipo unapoagiza. Nunua iliyong'olewa kwenye deki nyingine kwa macho yako ukiweza. TDA1541A zenye taji, zile za daraja la S1, zinauzwa nyingi mtandaoni zikiwa zimechapwa upya juu ya chipu ya kawaida. Weka soketi ya miguu 28 ili usirudie kuitesa bodi.

Deki ya yule mzee niliiacha icheze saa mbili, nikapima tena DC kwenye matundu, ikasoma milivolti 2 kila upande. Nilitaka kumrudishia na opampu zake za awali, ila yule fundi wa kwanza alikuwa ameshazitupa. Nikamwekea NE5532 mbili kutoka kwenye deki ya volti 100 iliyoungua.